BREKI ZA MOTOKAA KUUKUU: ANZA NA PAIPU, DISKI ZIFUATE

Mkulima wa skimu mara chache hununua motokaa mpya. Miwa ikilipwa, au ng'ombe wa maziwa wakikaa vizuri miaka miwili mitatu, ndipo mtu hupata pikapu iliyokwisha pita mikono mingi: Peugeot 504 iliyopakwa rangi mara tatu, Toyota Hilux ya zamani, au Land Rover ya Series ambayo huenda imemzidi umri mwenyewe. Hakuna aibu katika jambo hilo. Gari la namna hiyo likitunzwa hupeleka maziwa, mahindi, nyanya na mbolea kwa miaka mingi, na fundi yeyote wa Kisumu analifahamu mpaka uti wa mgongo.

Lakini gari kuukuu lina breki kuukuu. Ukienda mjini kutafuta spea utaonyeshwa breki zilizoboreshwa za kila aina: paipu zisizoshika kutu, hosi zilizosukwa kwa waya, diski zenye matundu, diski zenye michirizi. Mwezi huu twataka kuzungumza nawe juu ya vitu hivyo, ili ujue ni vipi vinakufaa na fedha zako zianze wapi.

Jibu letu twalitoa mapema, nawe ulipime kadiri unavyosoma. Anza na paipu, hosi na mafuta ya breki. Diski ni za pili. Na zile diski za kupendeza macho ni za mwisho kabisa, tena huenda usizihitaji kamwe.

Kwa nini mlima hufichua yaliyofichwa

Ukikaa katika uwanda wa Kano, Ahero mpaka Awasi, breki mbovu yaweza kukudanganya mwaka mzima. Barabara ni tambarare, na gari husimama lenyewe likiachwa. Ni siku ile unapopanda kwenda Nandi Hills kuchukua mbegu za viazi au ndama, kisha ukarudi kwa ile barabara ya kuteremka mpaka Chemelil, ndipo breki huulizwa maswali. Na anayetoka Kakamega kuja Kisumu hukutana na mteremko wa Riat: mji na ziwa viko chini mbele yake, na kule chini kuna watu wengi, pikipiki na mikokoteni inayovuka barabara.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua pikapu ambayo pamoja na mzigo wake ina uzito wa kilo 2,500. Ikishuka mita 700, na dereva akiishikilia kwa breki peke yake, karibu nguvu yote ya kule kushuka hugeuka kuwa joto katika diski na dramu. Joto hilo latosha kuchukua madebe mawili na nusu ya maji baridi na kuyafikisha karibu na kuchemka. Sasa fikiri kwamba joto hilo lote limetiwa katika vipande vichache vya chuma vilivyomo ndani ya magurudumu yako.

Sasa tazama lile joto linakwenda wapi. Ukikanyaga pedali, mguu wako husukuma mafuta ya breki ndani ya paipu, nayo mafuta husukuma pedi zibane diski, au viatu vya breki vibane dramu. Kazi hii hufanyika kwa sababu mafuta hayabonyei. Lakini mafuta ya breki yana tabia moja mbaya: hunywa unyevu wa hewa polepole, hata kama gari limesimama tu chini ya mwembe. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakisha kunywa maji, kipimo kinachotakiwa hushuka mpaka 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakisha kunywa maji. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama mpira usiojaa upepo. Pedali huenda mpaka chini na gari haliisikii. Ndivyo gari lililokuwa na breki njema juu mlimani huwa halina breki likifika nusu ya mteremko, na hali hakuna kilichovunjika.

Basi uboreshaji wa kwanza, tena wa bei ndogo kuliko yote, ni kutoa mafuta yale meusi na kutia DOT 4 mapya, kisha kufanya hivyo kila baada ya miaka miwili. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Usikubali kupimiwa kutoka katika mtungi uliokaa wazi dukani. Usitie oili ya injini, wala mafuta ya taa, wala mafuta ya kupikia kwa sababu eti umefika jioni na duka limefungwa: mipira iliyomo ndani ya pampu huvimba, na kazi yote hurudiwa kwa gharama kubwa. Yako pia mafuta yaitwayo DOT 5, ya silikoni. Hayo hayachanganyiki na hayo mengine, kwa hiyo yaache. Yaitwayo DOT 5.1 ni kitu kingine, yaweza kuchanganywa na DOT 4, lakini kwa kazi ya shamba DOT 4 yatosha. Na chupa iliyobaki iweke mbali na watoto, maana ni sumu, wala usiihamishie katika chupa ya soda.

Paipu zilizo chini ya gari

Sasa lala chini ya gari lako. Uwe umelitegemeza juu ya magogo imara au stendi, si juu ya jeki peke yake. Utaona paipu nyembamba za chuma, unene wake kwa kawaida milimita 4.75, zikitoka mbele na kwenda nyuma kando ya chasisi. Hizo ndizo zinazobeba maisha yako, na mara nyingi hazijatazamwa tangu gari lilipoundwa.

Watu husema ziwa halina chumvi, kwa hiyo magari ya kwetu hayaozi kama ya Mombasa. Ni kweli kwamba maji ya ziwa letu ni baridi. Lakini mkulima hubeba chumvi yake mwenyewe. Mbolea za dukani, kama CAN, ni chumvi. Gunia likipasuka nyuma ya pikapu, punje hupita katika nyufa za sakafu, hukaa juu ya paipu, hunyonya unyevu, na kuanza kula chuma. Mkojo wa ng'ombe nao hufanya kazi ile ile. Ongeza udongo mweusi wa Kano, ambao ukishika hauachi, nao hukaa juu ya paipu ukiwa umelowa juma zima. Na kama gari lako lililetwa kutoka Uingereza, fahamu kwamba kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Huenda lilifika hapa na kutu yake tayari.

Chukua brashi ya waya, sugua paipu kwa urefu wake wote, hasa pale inaposhikwa na vibanio na pale inapopita juu ya akseli. Kutu nyekundu ya juu juu ikitoka na chuma kikabaki laini, paipu yaweza kukaa. Ukiona vishimo, au chuma kikitoka magamba, ibadilishe yote.

Hapa twataka kusema waziwazi juu ya mazoea mawili ya njiani. Moja ni kukata sehemu iliyooza na kuunga kwa kipande cha mpira na waya. Pili ni kuziba paipu ya gurudumu moja ili gari lifike nyumbani, kisha kulitumia hivyo miezi sita. Nguvu iliyomo ndani ya paipu ukikanyaga kwa ghafula ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya upepo wa tairi; mpira wa kuunga hauwezi kuistahimili. Na gari lenye gurudumu lililozibwa huvuta upande mmoja hasa pale unapolihitaji liende moja kwa moja.

Kwa wenye Land Rover za zamani neno hili ni zito zaidi. Nyingi zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, breki zote zimekwenda kwa mpigo. Magari yaliyokuja baadaye yana njia mbili, ili moja ikipotea nyingine ibaki. Marekani ilianza kudai hivyo kwa motokaa mpya tangu 1968. Masta silinda ya njia mbili, yaani pampu kubwa iliyo mbele ya pedali, yaweza kufungwa katika nyingi za Land Rover hizo pamoja na paipu mpya. Ni kazi ya fundi anayeelewa, na ina gharama. Lakini kama unazo fedha za kununua diski za kujivunia, kwanza zipeleke hapa.

Juu ya chuma cha paipu yenyewe, utapewa namna nne. Ya chuma cha kawaida chenye rangi ya kukinga ni nzuri na ya bei nafuu, nayo hudumu miaka mingi kama haikukwaruzwa. Ya shaba nyekundu hukunjika kwa urahisi na mafundi waipenda, lakini hugeuka ngumu ikitikiswa sana, mwishowe hupasuka. Na ile ya friji au ya maji ya nyumbani isiguse breki hata kidogo. Ya chuma kisichoshika kutu ni imara, ila ni ngumu mno kuipanua mdomo, na mdomo usiokaa sawa huvuja. Ya nne ni ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Hii haili kutu, hukunjika kwa mkono, na hupanuka mdomo vizuri. Kampuni ya Volvo ya Uswidi ilianza kuitumia katika magari yake tangu 1976. Kama waweza kuipata, hii ndiyo tungeichagua kwa pikapu ya mbolea na ng'ombe.

Mdomo wa paipu ndio mahali pa kumpima fundi wako. Magari ya Kijapani hutaka mdomo uliokunjwa mara mbili. Mengi ya Ulaya hutaka mdomo wa umbo la uyoga mdogo. Huwezi kufunga mmoja mahali pa mwingine. Na nati pia hutofautiana: Land Rover ya zamani hutumia nati za inchi, Toyota hutumia za milimita. Ya 3/8 ya inchi na ya milimita 10 hufanana machoni, na moja huweza kuanza kuingia mahali pa mwenzake, kisha hung'oa nyuzi. Chukua paipu ya zamani nzima uende nayo mjini, usiende na maneno tu. Hapo Kibuye wako mafundi wa jua kali ambao ukiwapa mfano mkononi watakufanyia kazi safi. Ukiwapa hadithi watakufanyia kazi ya hadithi.

Hosi zile za mpira zinazounga chasisi na magurudumu huzeeka kwa ndani kabla ya nje. Kama gurudumu moja ni la moto kuliko mengine baada ya safari fupi, na gari huvuta, huenda hosi imevimba ndani: mafuta huingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, na pedi hubaki zimebana. Mwambie kijana akanyage pedali nawe utazame. Hosi ikituna kama koo la chura, mwisho wake umefika. Hosi zilizosukwa kwa waya wa chuma nje hazituni, na pedali huwa ngumu na ya uhakika. Ni nzuri, hasa kwa njia za mawe. Lakini hosi mpya ya mpira, halali, yenye jina la mtengenezaji na tarehe, na namba ya SAE J1401 iliyoandikwa ubavuni, ni bora mara kumi kuliko ya waya isiyo na maandishi yoyote. Ukisha ifunga, zungusha usukani mpaka mwisho kila upande uone haivutiki wala haisuguani na tairi.

Sasa diski

Mwenye duka ataweka diski mbili mbele yako. "Omera, hii ya matundu ndiyo ya mashindano," atakuambia. Husemi uongo, ndugu muuzaji. Ila mkulima hashindani na mtu. Twakumbuka sote jina la Peugeot katika Safari Rally, 404 iliposhinda 1966, 1967 na 1968, na 504 iliposhinda 1975 na 1978. Lakini magari ya mashindano hungojwa njiani na mafundi wenye spea tayari. Wewe njiani hungojwa na ng'ombe wa watu.

Matundu yalitobolewa zamani ili hewa ya moto itokayo katika pedi ipate njia. Pedi za siku hizi hazitoi hewa nyingi hivyo. Matundu hupunguza chuma cha kupokea joto, na nyufa huanzia kwenye kingo zake. Katika njia ya matope hujaa udongo. Diski zenye michirizi hazina ubaya huo wote, husafisha pedi, lakini hula pedi upesi. Kilicho na faida ya kweli kwa mbeba mzigo ni diski yenye kuta mbili na njia ya upepo katikati, kwa maana hupoa upesi. Hiyo ni nene zaidi, kwa hiyo haiingii katika kalipa iliyoundwa kwa diski nyembamba. Kama gari lako liliundwa na diski za ukuta mmoja, itakubidi ubadilishe kalipa pia, na pengine masta silinda, na uangalie kama rimu itaenea. Breki za mbele zikizidi nguvu kupita kiasi, mizani ya mbele na nyuma huharibika. Wengi wetu tutafanya vema kununua diski za kawaida za kipimo kile kile, lakini za chuma kizuri, pamoja na pedi mpya.

Diski nyingi huandikwa pembeni unene wa mwisho unaoruhusiwa. Pima kwa kipimo, si kwa jicho. Fundi aweza kuikereza kwenye mashine ili isitikisike, lakini baada ya kukerezwa lazima bado ipite ule unene. Ikiwa chini yake, ni chuma chakavu. Na siku zote badilisha pande mbili pamoja, kushoto na kulia.

Tena liko jambo la hapa kwetu ziwani. Katika fukwe za Kisumu, kama Lwang'ni, kwa miaka mingi watu walizoea kuingiza magari majini ili yaoshwe. Ukitoka mteremko wa Riat na diski zina moto, kisha ukaziingiza moja kwa moja majini, chuma hupindika au kupasuka, hata kama ulikinunua jana. Acha gari lipoe kwanza, na ulioshe nchi kavu, maana oili yako haihitajiwi na samaki. Ukipita maji ya mafuriko ya Nyando, kanyaga breki polepole mara chache ukienda, mpaka zikauke.

Usisahau nyuma. Pikapu nyingi zina dramu nyuma, na Hilux na nyingine nyingi zina vali ndogo juu ya akseli yenye mkono wa chuma. Vali hiyo hupima mzigo kwa jinsi bodi linavyoshuka: bodi likishuka sana, huipa nyuma breki zaidi. Sasa mkulima akiongeza majani ya springi ili abebe magunia mengi, bodi halishuki tena, vali hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hupewa nguvu ndogo siku ile ile ya mzigo mkubwa. Ukiongeza springi, mwambie fundi airekebishe vali. Twashangaa jinsi jambo hili lisivyosemwa.

Kununua na kufunga

Tafuta alama ya KEBS na jina la mtengenezaji lililochapwa vizuri, na uombe risiti. Pedi zisizo na jina huwa na bei tamu. Fundi akifungua breki za zamani, asipulize vumbi kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine. Pedi na viatu vya miaka ya nyuma vyaweza kuwa na asibesto, ambayo huharibu mapafu. Alowanishe kwa maji na kufuta kwa kitambaa cha kutupwa. Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ioshwe mpaka iwe kavu kabisa.

Hewa hutolewa kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Zikisha fungwa, kanyaga pedali kwa nguvu, injini ikiwa imezimwa, uishikilie kwa dakika nzima. Ikizama polepole, kuna mahali panapovuja, au masta silinda imechoka, usitoke uani. Pikapu ya kibiashara itakwenda kukaguliwa kila mwaka hata hivyo, lakini mkaguzi wa NTSA huiona siku moja tu, nawe waiona siku zote.

Pedi na diski mpya hutaka kuzoeana. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu, uende kilomita 60 kwa saa, upunguze mpaka 20 bila kusimama kabisa, uache zipoe kidogo, kisha urudie mara kumi hivi. Mlimani shuka kwa gia ile ambayo ungepandia, wala usizime injini ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, chombo kinachouongezea mguu wako nguvu hukosa uhai, na pedali hugeuka jiwe.

Baada ya juma moja, ingia tena chini ya gari na kipande cha karatasi nyeupe. Kipitishe chini ya kila nati ya paipu na kila mwisho wa hosi, mbele na nyuma. Kikitoka kikavu, nenda Nandi Hills kwa mzigo nusu kwanza, na ukifika Chemelil simama, usogeze mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Joto la kushoto na la kulia lapaswa kuwa sawa.